Tiketi ya Glasgow kwa Abiria wa London

Mimi ni mtu ambaye hawezi kununua fungu la nyanya bila kulizunguka soko zima kwanza, na sioni haya kulisema. Mama alikuwa akinitania kwamba siku yangu ikifika nitaamka ndani ya jeneza niulize limenunuliwa kiasi gani, na kama waliomba wapunguziwe. Basi habari hii ya nauli ya ndege naisimulia kama mpenda vya rahisi aliyepata cha rahisi kweli mara moja katika maisha yake, kikamtia presha mchana kutwa, na mpaka leo anakishukuru.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanaikumbuka. Maduka ya Morogoro yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla vitenge, redio, sabuni za kila rangi na biskuti zenye maandishi tusiyoyaelewa. Fedha za kigeni, ambazo zamani mtu aliziombea kibali na kusubiri mpaka akasahau alitaka kwenda wapi, sasa zilibadilishwa dukani mchana kweupe. Mashirika ya ndege yakaongezeka, yakaanza kugombania abiria, na bei zake zikaanza kufanya vituko.

Dada yangu, mkubwa wangu, alikuwa London na mumewe. Walikwenda kusoma, wakabaki wakifanya kazi, yeye akihudumia wazee katika makao yao na shemeji akipiga zamu kwenye ghala. Alikuwa amebeba mimba mbili, na mara zote mbili mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Habari ya kwanza ilitufikia kwa barua, ya pili kwa simu. Na mara zote mbili wanawake wa ukoo wetu walikuwa wameshaanza kuandaa vitu vya mzazi. Tulikaa chini, kwenye mikeka, kumlilia mtoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona, kisha kila mwanamke akarudi kwake na kifurushi chake alichokuja nacho.

Mimba ya tatu ilipokuwa kubwa dada alipiga simu, nikaipokea posta. Hakuwa mtu wa kulia, na siku ile hakulia, ila sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea huku mlango uko wazi.

"Namtaka mama," aliniambia. "Sitaki pesa, sitaki nguo za mtoto. Namtaka mama awepo wakati najifungua. Peke yangu siwezi tena."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mimba ile haikuwa ya dada na shemeji peke yao, ilikuwa yetu, na mama kuwepo halikuwa jambo la kujadili. Kilichobaki kilikuwa namna ya kumfikisha.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Alianza kufundisha milimani, akamalizia mjini, na Kiingereza chake kilikuwa cha ubaoni, kimenyooka, hakina aibu. Alikuwa na kiinua mgongo chake benki, ambacho alikusudia kuezekea nyumba bati jipya. Tulipouliza nauli ya London tukakuta inameza kiinua mgongo chote na bado inatoa mkono kuomba zaidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, hata na paka.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye duka la vitenge karibu na soko. Babu yake alitoka India, lakini yeye alizaliwa Morogoro, na watoto wake wote walipita mikononi mwa mama darasani, kwa hiyo alimwita Mwalimu hata walipokutana kwenye foleni ya maji. Ruksa ilipokuja aliweka meza ndogo kwenye kona ya duka, akabandika ukutani kalenda yenye picha ya ndege, akaanza kuuza tiketi kupitia mpwa wake aliyekuwa Dar es Salaam. Ukienda kununua doti ya kitenge unaweza kutoka na safari ya Bombay.

"Njia zipo, Mwalimu," alisema, akitusogezea viti. Mke wake alituletea chai ya maziwa yenye iliki. "Ya kwanza, upande basi mpaka Nairobi, urukie huko. Bei inashuka."

"Nina goti," mama alisema.

"Basi ya pili. Kuna ndege inayozunguka. Inashuka huku, inashuka kule, unalala uwanjani, unaamka, unalala tena."

"Nitafika mjukuu anaota meno."

"Ya tatu, kuna mama mmoja ameahirisha safari. Tiketi yake ipo, anaiuza nusu bei. Ila utasafiri kwa jina lake."

Mama aliweka kikombe chini. "Jina langu halijanikosea kitu," alisema, na mzee akacheka, akaomba radhi, na njia ya tatu ikafa palepale.

Ya nne ndiyo iliyotuingia. Mwezi ule, kwa sababu wanazozijua wao, tiketi ya kwenda Glasgow, kule Uskochi, ilikuwa rahisi kuliko ya London. Na kwenda Glasgow ndege ilipitia London. Abiria alishuka London, akagongewa muhuri wa pasipoti hapo, kisha akapanda ndege ndogo kwenda mbele.

"Sasa wewe mbele huendi," mzee alisema. "Unashuka London, unatoka mlangoni, unamkumbatia binti yako. Kiti chako cha Glasgow kitakwenda kitupu. Nani atakiuliza?"

Ilibidi arudie mara mbili kabla sijaelewa, kwa kuwa sisi tulizoea mambo ya basi. Ukipanda basi la Dodoma ukashuka Dumila, konda anakutoza nauli ya Dodoma na anakutazama kama umemwibia. Ndege zilikuwa zimegeuza: ukisema Dumila unalipa kubwa, ukisema Dodoma unalipa ndogo, kisha unashuka Dumila unakwenda zako. Nilipoelewa nilipiga makofi. Tofauti ya nauli ilitosha bati, na ya misumari ikabaki.

Mzee, niseme haki yake, hakutuficha hatari. Alisema ziko mbili. Ya kwanza ni mizigo. Begi linalopelekwa chini ya ndege linabandikwa lebo ya mwisho wa tiketi, na litakwenda Glasgow hata kama mwenyewe ameshuka London. Kwa hiyo anayesafiri hivi asiwe na begi la kupima, awe na mfuko wa mkononi tu. Yeye mwenyewe alipokwenda kumwona kaka yake Uingereza kwa mtindo huo alivaa suruali tatu na makoti mawili, mifuko imejaa bizari na kachori. Alitembea uwanjani kama godoro, jasho linamtoka, mke wake nyuma yake ndani ya sweta nne. Mke wake alikuwa akisikiliza, akasema za kwake zilikuwa tano.

Hatari ya pili ilikuwa safari ya kurudi. Ukiacha kipande kimoja cha tiketi, alisema, vipande vinavyofuata huwa vinaleta maneno. "Lakini tutaongea nao," aliongeza, na mama akajibu kwamba la haraka ni kwenda, kurudi kutajijua. Tukakubaliana hivyo. Daktari alikuwa amemwambia dada zimebaki wiki sita. Mama angefika zikiwa zimebaki tatu, na mfuko mmoja mkononi.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tumepanga safari ya mtu asiye na ukoo.

Habari ilipanda milimani, sijui kwa miguu ya nani. Kwetu mtu haendi kwa mzazi mikono mitupu, na akiondoka mmoja kwenda kwa mzazi, mikono yake ni ya wanawake wote. Wakaanza kuteremka. Wa kwanza alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyetoka Matombo na pilipili manga ya shambani kwake, ameianika mwenyewe na kuichambua punje kwa punje, kwa ajili ya uji wa mzazi. Akafuata mwingine na unga wa ulezi. Mwingine mdalasini. Mwingine chupa ya mafuta ya nazi ya kumkanda mzazi tumbo. Zikaja khanga, ikaja mbeleko, kikaja kimkeka kidogo cha kumlaza mtoto. Mmoja alileta jogoo mzima, anawika. Jogoo tulimla sisi kwa niaba ya mzazi.

Nilimvuta mama chumbani. "Mama, mfuko wa mkononi tu. Tuliongea."

"Nakumbuka tulivyoongea."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini?" Alikuwa anakunja khanga, hakunitazama. "Huyu wa ulezi alileta unga mara ya kwanza, akarudi nao. Akaleta mara ya pili, akarudi nao. Leo ameleta mara ya tatu. Nimwambie ndege haitaki?"

Nilifokafoka kuhusu kilo. Mama aliazima begi kubwa la magurudumu kwa jirani yetu mmoja, mhadhiri, akapanga vitu vyote ndani kwa utulivu wa mtu anayepanga madaftari ya darasa zima. Alinihakikishia kwamba atalibeba mkononi. Lile begi ungeweza kumficha mtu ndani yake.

Tuliteremka Dar es Salaam mchana wa kuondoka, tukisimama Mikese kwa ajili ya goti lake. Uwanjani mambo yakawa kama yalivyopaswa kuwa. Msichana wa kaunta alilitazama begi, akamtazama mama, akasema kwa heshima, "Shikamoo mama. Hili haliingii ndani. Liweke hapa kwenye mizani." Nikaona lebo ikitoka kwenye mashine. Nikaona neno Glasgow. Tungesema nini? Tungemwambia tafadhali andika London, kwa kuwa tumewadanganya kuhusu Glasgow? Nilijaribu.

"Haliwezi kuishia London?" niliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Tiketi yake si ya Glasgow?"

"Ni ya Glasgow," mama alijibu kabla yangu, na begi likaondoka juu ya mkanda wa mpira mweusi.

Nilimshika mkono, nikamvuta pembeni. Nilimwambia mali imekwenda, tuisamehe. Ashuke London, atoke, asigeuke nyuma. Begi tutaliulizia baadaye, na likipotea limepotea. Alinipapasa shavuni. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nitafika kwa dada yako." Nililala Dar kwa rafiki yangu, nikapanda basi la alfajiri kurudi Morogoro, na njiani nilijipongeza kwa bati.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba simu zote zipigwe dukani kwa mzee, kwa sababu kwetu hapakuwa na simu. Nilifika pale kabla ya adhuhuri. Simu ilikuwa juu ya meza ya tiketi, chini ya kalenda ya ndege, na mzee alikuwa ameifunika kitambaa kama redio ya harusi. Ilipolia nilimwahi mzee kuipokea.

Alikuwa dada. "Mama yuko wapi?"

"Hapo. Si yuko hapo?"

"Hayupo! Watu wote wametoka. Mpaka waliokuwa kwenye viti vya magurudumu wametoka. Nimeuliza, wameangalia karatasi zao, wanasema abiria huyo ameendelea na safari. Ameendelea wapi? Mmemfanya nini mama?"

Mzee alikuwa amesogeza sikio karibu na langu, na sikumfukuza. Alifikiri kidogo, kisha akasema polepole, "Mwalimu kafuata begi."

Nilimwambia dada. Akasema, "Begi gani?" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, na pesa zake za simu zikaisha.

Mke wa mzee aliniletea maji, kisha chai, kisha sahani ya chakula ambacho sikukigusa. Wateja waliingia kupima vitenge, mzee akawahudumia kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa. Nilikuwa na hasira na mama, na ukoo, na pilipili manga yote ya Matombo. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu tu. Nilimwona mama katika mji asioujua, kwenye baridi, na goti lake, hana mtu.

Simu ikalia tena. Sauti ya kike ya kigeni ilisema maneno ambayo sikuyashika hata moja, kisha ikaja ya mama, imechangamka kabisa.

"Nimefika Glasgow. Begi limefika. Chupa ya mafuta haijavunjika."

Nilianza kupiga kelele. Aliniacha nimalize, kama alivyokuwa akiwaacha watoto darasani, kisha akaeleza. Pale London, baada ya muhuri wa pasipoti, alikuta njia mbili, moja ya kutoka nje na nyingine ya ndege za ndani. Alisimama katikati na watu wanampita. Akafikiri kwamba zimebaki wiki tatu. Akienda kulichukua begi atakuwa kwa dada jioni ileile, na hakuna kitakachokuwa kimeharibika. Asipokwenda, vitu vya wanawake wale vitakuwa vimemkosa mzazi mara ya tatu. "Sikuweza," alisema. "Mama mkubwa wako ningemtazamaje usoni?" Aliyempa simu alikuwa mfanyakazi wa uwanja, mwanamke wa makamo, ambaye alimkuta amekaa juu ya begi akitafuta wa kumwuliza njia. Alimpa chai, akampa simu ya ofisini, na alikuwa amemwahidi kumpeleka stesheni ya treni akitoka zamu. Hatukuwahi kulijua jina lake. Mama alimwombea katika rozari yake mpaka mwisho wa maisha yake, akimwita yule binti wa Glasgow.

"Mwambie dada yako asitoke nyumbani," alimalizia. "Jioni niko naye."

Sikuwa na namna ya kumwambia, kwa kuwa dada nyumbani hakuwepo. Mzee aliondoka kwenda kuswali alasiri, mke wake alikuwa ndani jikoni, na nilibaki peke yangu na duka zima lisilo langu, pesa kwenye droo, vitenge vinaning'inia. Hapo ndipo alipopiga shemeji. Alikuwa anahema. Uchungu ulimshika dada palepale uwanjani, wiki tatu kabla, huku akigombana na mtu wa kaunta kuhusu mama yake. Walimchukua kwa gari la wagonjwa. Sasa yuko chumba cha kujifungulia.

Nilikaa chini sakafuni na simu mkononi. Nilifikiri jambo moja tu, na ninajua shemeji naye alilifikiri, kwa sababu hakuna aliyelitamka.

"Yukoje?" niliuliza.

"Anawapigia kelele manesi. Hataki kuambiwa habari ya mtoto. Kila anayeingia anamwuliza kama mama yake ameonekana. Mama ameonekana?"

"Ameonekana! Mwambie yuko Glasgow, mzima, na begi lake. Anakuja kwa treni."

Alikwenda. Nilisikia viatu vyake vikiondoka, nikasikia milango, nikasikia mbali sauti ya dada yangu, kali, yenye nguvu zote, sauti ileile aliyokuwa akinifukuzia utotoni nikimchukulia sabuni yake. Shemeji akarudi. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Anasema hilo begi akilitia machoni atalichoma moto."

Akanitajia jina la hospitali, herufi moja baada ya nyingine. Mama alipopiga tena, akiwa stesheni na yule mwanamke pembeni yake, nilimpa jina hilo naye aliliandika kiganjani kwa kalamu, kama mwanafunzi. Kisha nikamwambia ni kwa nini. Kwa nyuma nilisikia treni zikitangazwa.

"Zilikuwa zimebaki wiki tatu," alisema.

"Najua, mama."

"Nimehesabu vibaya." Akakata simu.

Mzee hakuniacha nirudi nyumbani. Alifunga duka jioni akaacha mlango wa nyuma wazi, mke wake akanitandikia kitanda cha binti yao aliyeolewa, na simu wakaivuta na waya wake mpaka sebuleni. Familia ile haikuwa na undugu nasi wa damu. Siwezi kupita mbele ya duka lile, ambalo sasa linauza vifaa vya simu na lina watu wengine, bila kuwaombea. Asubuhi shemeji alipiga na kusema mtoto amezaliwa, wa kike, analia kama ametumwa kudai kitu. Mke wa mzee alipiga vigelegele akiwa na ndoo mkononi. Wiki ileile, mama mkubwa alipopata habari kule Matombo, nasikia alikaa chini shambani, katikati ya mipilipili, akacheka mpaka wakadhani amepandwa na kitu.

Na bado kulikuwa na la kushukuru nililolijua baadaye. Siku ya kupanga safari ya kurudi, mzee alikuja nyumbani mwenyewe, ameshika kofia. Mpwa wake alikuwa amemweleza kwamba abiria mmoja aliyeshuka London kama tulivyopanga alikataliwa kiti cha kurudia, akalazimika kununua tiketi nyingine nzima. Tiketi ya mama ilikuwa salama, kwa kuwa yeye aliitumia yote mpaka kipande cha mwisho. Ingebidi tu arudi Glasgow akaanzie huko. Mzee alisema tangu siku hiyo hatauza tena njia ya nne kwa mtu mwenye ndugu wengi. Bati tuliezeka. Mvua ikinyesha hata leo, nikilisikia, nafurahi kwa sauti.

Lakini mama mwenyewe, aliporudi, hakutaka kuchekeshwa na habari ile. Kila mtu alikuwa akimpongeza, na yeye alikuwa akijibu nusunusu. Nilimwuliza siku moja tukiwa wawili, barazani, mlima uko mbele yetu umejifunika ukungu nusu. Ndipo akaniambia jinsi alivyofika.

Alishuka treni akiburuta begi, akaonyesha kiganja chake kwa dereva wa teksi. Hospitalini wakamwonyesha wodi. Mtoto alikuwa ameshazaliwa wakati yeye yuko njiani, anatazama kondoo dirishani. Alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Alikuwa ameitwa kwa jambo moja, avuke bahari awepo saa ile, na saa ile hakuwepo. Alikuwa amefuata unga. Aliliacha begi koridoni, akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, mwalimu yule, mbele ya mwanawe, akasema, "Nisamehe. Uliniita nikachelewa. Umejifungua peke yako, kama zile mara mbili."

Dada alikuwa amechoka, hata kichwa hakukiinua. Alimsogezea mtoto mpaka akamgusa mkono.

"Si kama zile, mama," alimwambia. "Zile mara mbili nilikuwa nangoja mtoto afe. Leo kutwa nilikuwa nakungoja wewe."